Mchango wa Kipupwe

Julai, na Mombasa inajifunika.
Mtu wa bara atacheka. Muthoki hucheka,
kazaliwa Kangundo, anasema baridi yetu hii
ni maji ya kuogeshea mtoto.
Lakini sisi tumeshavaa sweta ofisini,
na feni iliyotukaripia tangu Januari
imening'inia kimya, kama mtu aliyekosana na jamaa zake.

Mimi ndimi niliyeshika mchango.
Elfu moja mia nane kila kichwa,
nyumba ya vyumba vitatu Shanzu, Ijumaa hadi Jumapili,
watu tisa, bwawa moja, gesi nusu mtungi.
Majina niliyaandika nyuma ya fomu ya forodha,
kalamu nyekundu kwa asiyelipa,
na langu likabaki jekundu hadi Alhamisi.

Kufika tu, mvua.
Si ile ya masika, inayokuja na kishindo chake ikaenda zake;
hii ni ya rasharasha, mgeni anayeaga
akasimama mlangoni saa nzima.
Tukakaa sebuleni tukitazamana
kama mizigo isiyo na hati.

Miaka sita napokea faili mkononi mwa Kazungu
na sikujua kuwa hunywa chai kwa kisosi,
akiipuliza, amefumba macho.
Sikujua Meneja Mwakio husafiri na mto wake,
foronya ya maua ya zambarau,
pembe moja imeshonwa kwa mkono, uzi wa rangi nyingine.
Aliupitisha mbele yetu kwapani
kama anayepitisha magendo,
na sisi, watu wa kukagua mizigo,
tukatazama dari.

Jumamosi alfajiri, kishindo.
Nyamvula yumo bwawani na dera lake,
dera limefura hewa, chungwa kubwa linaelea.
"Elfu moja mia nane," alisema,
"si pesa ya kunawia uso!"
Tukatoka na mablanketi mabegani.
Aliyepewa jina la mvua, mvua inamnyeshea,
maji juu, maji chini, naye katikati anatutukana
mmoja mmoja, kwa majina, kwa vyeo.
Alipotoka meno yalikuwa yanapiga taipu.
Tulimpa hamri la moto kwanza,
taulo baadaye.

Usiku umeme ukakatika.
Tulikuwa kwenye karata, mkono wa tatu.
Kizani ndipo Bwanaheri wa stoo aliposema,
bila kuulizwa, kama anayesoma namba ya kontena:
"Mimi hata nikirudi kesho, nyumbani hakuna mtu.
Tangu Machi hakuna mtu."

Machi.
Likizo ile niliigonga muhuri mimi.
Siku nne. Sababu: za nyumbani.
Nikamwambia asisahau kurudisha funguo.

Hakuna aliyesema pole. Ilikuwa imechelewa
na ilikuwa ndogo.
Nikasikia Muthoki akizichanganya karata,
akazigawa gizani, moja moja,
kila mtu akapapasa zake mezani.
Tukacheza. Naapa tulicheza,
tukitupa tusichokiona juu ya tusichokijua,
Kazungu akidai kashinda, Nyamvula akidai ushahidi,
na Bwanaheri akicheka kwa sauti
ambayo stoo haijawahi kuisikia.
Taa ziliporudi, saa saba na kitu,
mezani palikuwa na kopa
juu ya shupaza juu ya kisu,
sheria zote zimevunjwa, na hakuna aliyetaka kurudia.

Jumatatu ni Bwana Kazungu tena, ni Meneja tena.
Faili zinapanda, faili zinashuka.
Kwenye bahasha yangu zimebaki mia tatu na arobaini,
ukizigawa kwa tisa ni thelathini na saba na ushee,
pesa ya kugombania au ya kusahau.
Nimeziacha.
Nimechukua fomu nyingine, nimeigeuza nyuma,
nimeandika juu: Julai ijayo.
Jina la kwanza ni Bwanaheri,
kwa kalamu ya buluu,
na hajalipa.