Kilomita Elfu Sitini na Moja

Kilikuwa Kizota, nyuma ya duka la saruji,
kati ya Noah mbili zilizokwisha kufa:
kigari cha rangi ya maziwa yaliyodondokewa chai,
taa za mviringo, grili ya kung'aa,
kama mtoto aliyevalishwa koti la babu
akaambiwa asimame apigwe picha.

"Hiki cha zamani sana?"
Dalali akacheka, ufunguo ukimzunguka kidoleni.
"Mama, si cha zamani. Kimetengenezwa
kionekane cha zamani. Wajapani hao.
Kilomita elfu sitini na moja tu, soma mwenyewe."

Nikasoma.
Miaka thelathini na minne nimekaa dirisha la tiketi,
stesheni ya hapa hapa Dodoma,
treni ya Kigoma ikichelewa, ya Mwanza ikichelewa zaidi,
na akina mama wananiapia kuwa huyu mgongoni
hajafikisha miaka mitatu, hastahili nauli,
huku miguu ya mtoto inagusa sakafu.
Nilikuwa nawatazama. Mara nyingi nilikata nusu.
Mara nyingine sikukata kitu.

Fundi Mbijima alilala kwenye vumbi,
akapotea hadi kiunoni.
Alipotoka alikuwa mwekundu kama tofali bichi.
"Bushi zimekwisha. Spea zake hapa hazipo, utaagiza.
Halafu, shangazi," akashusha sauti,
"hii mita imerudishwa. Angalia pedali ya breki,
mpira umelika mpaka chuma kinakuchekea.
Elfu sitini hailiki hivyo."

Upepo ukapita, ukapandisha saruji na vumbi pamoja.
Nami nikawa nipo Mvumi, mbele ya darasa la kwanza,
mkono umepita juu ya kichwa
unatafuta sikio la upande wa pili.
Ulilifikia bila shida. Ulilifikia tangu miaka mitatu nyuma,
ila kulikuwa na ndama, kulikuwa na njaa,
kulikuwa na mwaka ule tuliokula mbegu.
Mwalimu aliniangalia, akaangalia daftari,
akaandika: saba.
Mama hakusema neno. Mimi pia sikusema,
wala ofisi ya reli haikuniuliza.
Kwa hiyo nimestaafu nina sitini kwenye faili,
na kiinua mgongo kimenikuta
mgongo wenyewe umeshakata shauri.

"Milioni sita," Ndahani akasema.
"Uongo wa mita ni laki nne. Toa."
"Mama, jamani..."
"Bushi laki mbili. Na huo mpira wa breki
utanunua wewe, leo, nikiwa nimekaa hapa."
Akamtazama fundi. Fundi alikuwa anafuta mikono
kwa uangalifu ambao haukuhitajika.

Nilikiendesha jioni kwa gia ya pili,
jua la Singida likinipiga usoni kupitia kioo.
Penye matuta kinakohoa. Mbele ya soko la Majengo
kijana wa bodaboda akanisogelea,
akauliza kama nilikirithi kwa Mjerumani.
Nikamwambia mimi na hiki tuna umri mmoja.
Akaamini. Ikaniuma kidogo.

Dada yangu Merina alikuwa wa kwanza kupanda.
Akashika kitambaa cha kiti, akanusa,
akasema kinanuka sanduku la mahari.
Tukaenda Nala kuona zabibu za shemeji,
tukarudi, nikazima, nikateremka,
nikafika mpaka mlangoni kwangu
ndipo nikasikia kioo kinagongwa.

Mlango wa kushoto haufunguki kwa ndani.
Hilo Ndahani hakulisema, wala mimi sikulipima.
Merina kajaa dirishani, mdomo unafanya kazi,
sauti hainifikii.
Nikaweka mkoba chini, nikarudi kumfungulia,
polepole, nikishika ukuta.
Magoti yangu hakuna aliyeyarudisha mita.