Ndani ya Saa Sita

Dodoso lilikuja Jumanne, kurasa nne zimebanwa pini,
mkononi mwa kijana wa chuo, viatu vimejaa vumbi la Sikonge.
"Dada Nyamizi, dakika kumi tu. Hakuna jibu baya."
Nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, stoo ya mashuka,
nikaweka vema. Umri: arobaini na sita.
Kada: muuguzi. Miaka kazini: ishirini na miwili.

Swali la saba likanibana kama mlango ubanavyo kidole:
"Mtu akishafariki, konea yake hufaa kuchukuliwa ndani ya saa ngapi?"

Konea. Kile kioo cha mbele, chembamba kama ukucha wa mtoto.
Nilikisoma chuoni, nikakijibia mtihani,
nikakiacha mlemle kwenye chumba cha mtihani.

Mimi, niliyefumba macho ya wodi namba tatu
kwa gumba hili, polepole,
kama mtu afunikaye chungu usiku asiwaamshe waliolala.
Mzee Kapaya wa mizinga ya Ipole,
aliyesoma gazeti bila miwani hadi wiki ya mwisho.
Dereva wa lori la tumbaku. Bibi Sungwa.
Nikawafunga taya, nikaandika saa, nikanawa.
Hakuna aliyeniambia kwamba chini ya gumba langu
palikuwa na dirisha lingali zima.
Wala sikuuliza.

Nikamwita Ntuzu, tuliyekuwa naye zamu: "Saa ngapi?"
Akatazama ukutani. "Saa sita kasoro."
"Nimeuliza lingine." Nikamsomea.
"Aa. Nadhani ni saa sita hizohizo. Au kumi na mbili.
Lakini tuyapeleke wapi, dada?
Hapa hata friji ya damu hulala umeme ukilala."
Tukacheka, kicheko cha watu wasiotaka kuendelea.

Benchi la kliniki ya macho linatazamana na stoo.
Amekaa Kabula, miaka kumi na mmoja, wa Ulyankulu.
Mwiba wa mgunga ulimchoma akifukuza ndege mpungani,
jicho la kushoto limeshika utando, kama uji uliopoa.
Kila mwezi huja. Kila mwezi tunamwandikia matone.
Matone hayafuti kovu; hilo nalijua bila dodoso.
Kovu lile linataka kioo kingine,
na kioo hicho hakiuzwi dukani.

Usiku nikamuuliza mume wangu, fundi mstaafu wa reli:
"Ukitangulia, nitoe macho yako?"
Akaweka kijiko chini. "Na huko nitakutambua kwa nini?"
"Kwa sauti. Hata leo nikisema hunitazami."
Akatafuna kidogo.
"Na wewe je?"

Swali la kumi na tisa lilikuwa hilohilo.
Ndiyo. Hapana. Sijui.
Niliweka vema kwenye Sijui, nikaifuta, nikairudia,
karatasi ikatoboka.
Ijumaa nikamrudishia kijana na tundu lake.

Juzi, saa nane usiku, kitanda cha dirishani,
gumba langu lilifika kwenye kope za mama mmoja wa Cheyo
likasita.
Nikafumba. Nikaweka pamba yenye maji safi juu yake,
ingawa hakuna anayekuja kuchukua,
nikatoka koridoni waliposimama wanawe wawili
na sentensi ambayo sijapata kuisema
kwa Kiswahili wala Kinyamwezi.

Nikasema, "Poleni."
Nikabaki nimesimama.
Wakanitazama, wakingoja niseme jingine.