Msusi wa Upande wa Chini

Kila Juni tunakata daraja la mwaka jana.
Panga ukingo huu, panga ukingo ule,
na nyayo zetu zote zinaanguka korongoni,
nyasi zikipiga mluzi.
Tangu utotoni nilitega sikio nisikie mshindo wa maji.
Haukuja.
Mama alisema mto uko mbali.

Sisi wa Chakamarka twasokota nyasi.
Wanawake huanza na uzi mwembamba,
viganja vimelowa mate na maji ya barafu,
pima arobaini kwa kila nyumba.
Wanaume husuka zile nene kama paja.
Wote husokota kulia.
Isipokuwa baba.
Fausto Ccahuana alikuwa wa mkono wa kushoto,
kamba zake zilijipinda kinyume,
ungezitambua gizani kwa kidole gumba.
"Kamba hukatikia pembamba," walimtania.
Yake haikukatika. Aliyeponyoka ni yeye,
miaka tisa sasa, kofia ikitangulia.
Mshindo wake pia haukuja.

Kisha Melitón akashuka kumtafuta ndama wa lama.
Alipanda mikono mitupu,
akala viazi vikavu siku tatu bila neno,
ya nne akasema:

"Yuko mwingine anayesuka.
Giza limejitanda, naye ni mweusi kulishinda.
Miguu minane. Mmoja umekanyaga ukuta wetu,
wa mwisho sikuuona unakoishia.
Ana macho, hayana kope, hayana haja nasi.
Hana hasira. Hilo ndilo lililonitoa jasho.
Anaunga ukingo na ukingo,
ila si kingo hizi.
Ng'ambo yake hakuna ardhi, kuna nyota,
nyota chini, Mama Eustaquia, chini ya mto,
na kitu kimesimama pale
kama mtu anayesubiri zamu ya kuvuka."

Tukamuuliza, anasuka kwa uzi gani?
Melitón akavitazama viganja vyetu.

Hakuna aliyesema tuache.
Ng'ambo kuna zahanati,
kuna soko, kuna dada yangu na mapacha wake.
Na tukigoma, nani atashuka kumpa habari?

Juni hii tukakata tena.
Usiku nikalala kifudifudi ukingoni,
na jiwe la kufungia likaguna chini ya mbavu zangu,
kama jino linapong'olewa taratibu.

Alfajiri ilikuwepo kamba.
Ya kijivu, imetoka chini moja kwa moja,
imezungushwa jiwe mara tatu, imefungwa,
umande umeilalia. Majirani wakaiona wakarudi ndani,
wakafunga na milango isiyokuwa na komeo.

Mimi nikaishika.
Kidole gumba kikaenda chenyewe.
Kushoto.
Kushoto, kushoto, kila uzi,
na mate bado mabichi, na joto la viganja.

Hatua tatu kutoka jiweni palikuwa pembamba.
Pembamba mno kwa uzito wa mtu mzima.

Nikakaa. Nikavuta fungu la nyasi.
Nikatemea viganja.
Mama akaja na blanketi, akasimama nyuma yangu,
akauliza nafanya nini,
naye alishaona mikono yangu inazungukia wapi.
Hakuuliza tena.
Akaketi, akaanza kunichambulia nyasi ndefu.