Upana wa Tambi

Sikuja kutalii. Nililetwa na pampu tatu:
nizikague, nizisikilize zikinguruma,
nitie sahihi, nirudi na risiti ya kila kikombe cha chai.
Mhasibu wetu haamini mdomo, huamini karatasi.

Lanzhou, saa kumi na mbili asubuhi.
Baridi ya Novemba inang'ata ncha za masikio,
na Qiao Wenjing, mkalimani wangu, ananiuliza
swali nisilowahi kuulizwa nyumbani wala kazini:
"Unataka upana gani?"
Nikadhani ni mabomba. Nikajibu, inchi nne.
Akacheka mpaka miwani ikaingia ukungu.

Kumbe ni tambi.
Ziko za unywele, ziko za jani la kitunguu,
ziko pana kama mkanda wa suruali.
Nikachagua kitunguu, kwa woga.

Nyuma ya kioo kijana Ma Fulin, kofia nyeupe,
anakamata donge la unga, analivuta, analikunja,
analipiga mezani, pa!
Moja ikawa mbili, mbili nne, nne nane,
kisha nikapotelewa na hesabu, mimi niliyesomea hesabu.
Akaniona nimeduwaa.
Akasema polepole: salamu alaikumu.
Nikaitika kabla sijafikiri,
kama mtu aliyeitwa jina lake
katikati ya umati asioujua.
Tukaishia hapo. Hana neno jingine langu, sina lake.
Akaniongezea vipande viwili vya nyama.
Hiyo nayo ni sentensi.

Supu safi, unaona hadi ua lililochorwa chini ya bakuli.
Figili nyeupe, pilipili inaelea, kotmiri juu.
Viti vimejaa. Watu wamechuchumaa ukingoni mwa barabara,
karani, mfagiaji, mwanafunzi na mkoba wake,
bakuli kidevuni, wakifyonza tambi kwa sauti
ambayo mama angenifinya paja kwayo.
Nami nikafyonza.
Samahani, Mama.

Ijumaa, pampu ya tatu ikavuja.
Tone moja kila nusu dakika, tone la adabu,
lakini tone ni tone.
Mhandisi Tuo alilitazama
kama mzazi ambaye mwanawe amesema uongo mbele ya wageni.
Mpira wa kuzibia utatoka Xi'an, utafika Jumatatu.

Basi Jumamosi ikawa yangu.

Mto Njano si njano. Una rangi ya chai ya maziwa
iliyosahauliwa jikoni, na unakimbia.
Wenjing akanionyesha chelezo:
ngozi kumi na tatu za kondoo, nzimanzima,
zimepulizwa, zimefungwa miguu, zimelala chali
chini ya fito zilizosukwa.
Miaka kumi na tisa nasukuma maji, na sijui kuogelea.

Bwana Lu, mwenye chelezo, hakuwa na haraka.
Aliinama juu ya kila ngozi, akaibonyeza,
akaweka sikio.
Ya tisa ilinong'ona.
Akailowesha mate, akatazama povu,
akaifungua uzi, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama,
akaifunga upya.
Nikatafuta fomu ya kutia sahihi. Hapakuwa na fomu.
Nikapanda.

Tulipita chini ya daraja la chuma,
watoto wakitupungia kutoka juu,
maji yakigonga ngozi kwa chini, du, du, du,
na mimi nimeshika fito kwa mikono miwili
nikisikiliza, kwa mazoea tu, palipo na uvujaji.
Hapakuwapo.
Nadhani nilipiga kelele. Wenjing anasema niliimba.

Jumatatu pampu ikakauka. Tuo akanimiminia chai
yenye tende nyekundu na donge la sukari,
akafunika bakuli, akafunua, akafunika,
uso umemrudia.

Sasa niko ofisini na jedwali la matumizi.
Tambi: risiti ipo, ina doa la pilipili.
Chelezo: risiti hakuna.
Katika safu ya maelezo nimeandika,
kwa mwandiko wangu bora kabisa:
ukaguzi wa uvujaji, mtoni.
Si uongo.