Ngoja Aondoke

Eleuterio hasemi "tazama."
Husimamisha upondo tu, maji yakadondoka nchani,
tone, kimya, tone,
nami nikajua mbele kuna kitu.

Alfajiri ya Iberá bado haijachagua rangi.
Lenzi yangu ya kukodi, nzito kama mtoto wa miaka miwili,
inatoka jasho kila ninapoifunua;
naifuta kwa pindo la shati, naifuta tena.

Korongo wa huku wanamwita tuyuyu:
shingo nyeusi isiyo na unyoya,
chini yake mkufu mwekundu wa ngozi,
kama aliyefungwa kitambaa asiulize sababu.
Mguu mmoja umo majini. Wa pili bado anaufikiria.
Nabana pumzi.
Nyuma yangu Eleuterio naye kabana yake.
"Wewe wabania nini," namuuliza baadaye,
"na kamera ninayo mimi?"
"Mazoea," anasema, na kufyonza mate yake baridi kwa mrija.

Miaka kumi na tisa aliyawinda maji haya.
Usiku, kwa kurunzi, aliwatafuta yakare:
macho mawili mekundu,
na nafasi iliyo kati yake ndiyo urefu wa mnyama,
na urefu wa mnyama ndiyo bei.
Mnunuzi alikuja na boti ya injini, akapima kwa shibiri.
Kiganja chake kipana, ngozi ikawa fupi.
Kisha ikaja sheria. Akapewa shati lenye nembo
na kazi ya kuwapeleka wapigaji wa aina yangu,
ambao wakishapiga, mnyama huendelea kula.

Jua likatoka. Tuyuyu akamtoa mkunga topeni,
akampigapiga, akammeza kwa taabu;
nikabofya mara mia na arobaini.
"Geuka," akasema Eleuterio.

Nikageuka. Hapakuwa na kitu, ila kisiwa,
vile visiwa vya huku visivyoshika chini,
nyasi na mizizi vilivyojisuka kama jamvi;
ukikanyaga, pale chini panapumua.
Upepo wa kusini ukivuma, vinahama,
na ramani ya jana inabaki uongo uliochorwa vizuri.
Juu yake mti wa seibo, umeinama,
na chini ya seibo kitanda cha chuma, kutu tupu.

"Kambi yetu. Mimi na Delfín."
Ukimya. Upondo ukazama mpaka nusu.
"Mara ya mwisho niliiona kule kaskazini,
mwaka wa ukame. Delfín anasema ilizama.
Anauza matairi mjini, hataki habari za maji.
Na kisiwa, utampelekea mtu vipi?"

Nikainua lenzi: nikapata mguu wa kitanda, basi.
Ni lenzi ya kuona mbali, na kisiwa kilikuwa karibu mno.
Nikatoa simu, ile yenye ufa.
"Ngoja," akasema. "Ngoja aondoke."
"Nani?"
Akaonyesha kwa kidevu: yangeyange,
mweupe, amekaa kwenye kichwa cha kitanda,
shingo kaikunja, yuko kwake.
"Delfín ataona nimetia mapambo."

Basi tukangoja.
Mimi niliyepanda mabasi mawili kutoka Rosario
kungoja ndege waje,
nikakaa saa nzima, mbu masikioni,
nikingoja mmoja aende.
Eleuterio alikohoa. Alipiga makofi mara moja, kwa aibu.
Yangeyange alijikuna.

Upepo ukaamka. Kisiwa kikaanza kujigeuza,
polepole, kama mtu anayetafuta ubavu wa kulalia;
seibo likakifunika kitanda nusu, kisha robo tatu.
Nikapiga.

Aliishika simu mbali na uso, kwa mikono miwili.
"Ameharibu," akasema.
Halafu akaniomba niikuze, niikuze zaidi,
mpaka ndege akatoka nje ya fremu
na pakabaki kiungo kimoja cha chuma
na waya uliozungushwa pale mara tano.
"Waya huo," akasema, "niliufunga mimi. Yeye alikuwa akikoroma."