Akiba Ina Tarehe

Nageuza kopo la samaki kichwa chini, natafuta tarehe,
kama mnunuzi anayekagua meno ya mbuzi.
Duka la Kunjumon, Quriyat, Alhamisi baada ya alasiri.
Kigari kina gurudumu moja lenye kinyongo
na mwanangu Mundhir ameshakijaza tambi za pakiti:
za kuku, za kamba, za pilipili, ishirini au zaidi.

"Rudisha nusu."
"Mama, tunakwenda kupiga kambi, hatuendi kufunga."
"Rudisha. Tambi zinaomba maji."

Hajui. Alikuwa bado tumboni
mwaka ule wadi ilipoingia sebuleni bila hodi,
ikachukua makochi, ikachukua mtungi wa gesi,
ukaenda unacheza kama boya mpaka ukutani kwa jirani.
Sisi tuko juu ya paa, siku tatu,
na gunia la mchele la kilo ishirini tulilowahi kulipandisha,
basmati, kavu, halina hata tone,
na maji kila upande, ya tope, ya mbuzi waliokufa,
wala si kikombe kimoja cha kupikia.
Nilikaa juu ya mchele ule
kama kuku aliyetegewa mayai ya mbao.

Kilichotulisha ni tende za mama,
amezishindilia ndani ya ndoo ya rangi iliyooshwa,
na makopo manne ya maharage.
Kifungua kopo kilikuwa chini, droo ya pili,
pamoja na samaki.
Baba Mundhir akayasugua makopo kwenye saruji,
mdomo chini, pole pole, akizungusha,
mpaka ukingo ukalika na mchuzi ukamlowesha vidole.
Duara zile zipo mpaka leo. Nikifagia paa nazikuta.

Wahenga walisema akiba haiozi.
Hawakuwahi kusoma mgongo wa kopo.
Kwa hiyo kila mwaka, joto likishavunjika,
kasha la dharura tunalipakia garini,
twende mchangani Bidiya tukale hofu yetu ya mwaka jana:
dengu za kopo, jibini isiyotaka barafu,
maziwa ya unga, halua iliyobaki ya Idi.
Watu wanadhani tunastarehe. Na kweli tunastarehe.
Nyota zimejaa, kahawa ina iliki,
na mimi nahesabu moyoni: hili bado miezi miwili, hili kesho.

Mama, Bi Rayya, alikuwa na sheria moja tu:
usitie kashani usichokipenda.
Nilimbishia. Nikanunua biskuti za askari,
ngumu, za bei rahisi, zenye umri mrefu kuliko ndoa nyingi.
Tulipozifungua mchangani hakuna aliyemaliza moja.
Ngamia wa watu akaja, akanusa, akaondoka.
Mama hakusema kitu. Alimenya chungwa.

Sasa namwambia Mundhir: chukua karanga.
Chukua mkate wa khubuz uliokauka, huo hauna kiburi.
Chumvi. Viberiti, vitie kwenye mfuko wa nailoni, ufunge mara mbili.
Betri za tochi, zile nene.
Ananitazama kama nasoma uradi.
Ana miaka kumi na tisa, ana gari la rafiki yake Azzan,
ana simu inayojua hali ya hewa kabla ya mawingu.

Usiku nasikia kasha linaburutwa uani.
Nachungulia. Ameinama na kalamu ya wino mzito,
anaandika tarehe juu ya vifuniko, kubwa kubwa,
mwandiko mbaya wa baba yake.
Tambi amebakisha kumi.
Kando yake, galoni la maji peke yake,
limefungwa kitambaa chekundu shingoni.

"Haya ya tambi," anasema bila kugeuka.
"Usiyahesabu na yale mengine."

Nikaingia ndani. Droo ya pili.
Nikamletea kifungua kopo,
kisha nikarudi nikamletea na cha akiba.