Fungua Semi, Funga Semi

Ghorofani Kuze, juu ya muuza viazi karai,
nilikabidhiwa kanda nne za marehemu Bi Mwanaate.
Dadake, Bi Mishi Shee, alilipa nusu
akasema nusu ya pili nitaiona akikiona kitabu.

Kurasa tisini na sita za mazungumzo matupu.
Nyumba ile watu walisema bila kupumua
na tepu ikaachwa inazunguka juu ya kabati.
Kibodi yangu ina alama moja tu ya usemi,
hii hapa, " misumari miwili imesimama wima,
haijui kuingia wala kutoka.
Bi Mishi aliutazama ukurasa wa kwanza, akaguna:
"Vipuli gani hivi, havina kushoto wala kulia?"

Usiku, mlango nimeufunga, feni inakoroma,
nikafungua faili la mipangilio ya kihariri
nikaandika kanuni, mistari kumi na saba:
ukiona nafasi kabla ya alama, fungua;
ukiona herufi, au kituo, au kiulizi, funga.
Hifadhi. Zima. Washa.
Nikabonya palepale pa siku zote
na mkia ukapinda kuingia, “
nikaandika neno, nikabonya tena
na mkia ukapinda kutoka ”
Nikacheka peke yangu kama mtu aliyemfundisha paka kubisha hodi.
Ng’ombe akapita salama. Ng’ambo, ng’oa, ng’aring’ari,
kila ritifaa imekaa shingoni pake.

Kisha Bi Mwanaate akafungua kinywa.

Neno alilila kuanzia kichwani, kama dagaa:
‘takuja, alisema, hana haja na ile ni.
‘sende. ‘nambie.
Na mashine, kwa kuona nafasi kabla ya alama,
ikadhani kuna mtu wa pili anaanza kusema
ndani ya usemi wake.
Ikafungua, ikafungua, haikufunga.
Ukurasa wa kumi na mbili pekee una milango tisa wazi.

Haikukosea; ilitii.
Mimi ndiye sikuiambia
kwamba alama ileile inayotangulia sauti
hukaa pia pale sauti ilipomezwa.

Nikaanza orodha ya vighairi.
’takuja
’sende
’nambie
’mekuwaje
’sinteke
Rudisha kanda, sikiliza, andika, rudisha.
Kufikia saa nane maneno sitini na moja,
na karibu yote ni ya kukataza au kuahidi.
Salamu alizitamka nzima,
na majina ya watu, na bei ya nazi.
Stima ikakatika mtaa mzima.
Nilikuwa nimehifadhi, alhamdulillahi.
Nikakaa gizani na masikio yamejaa mwanamke
nisiyewahi kumwona.

Jumamosi Bi Mishi alikuja na miwani yake
ya mkono mmoja, mwingine uzi.
Akasoma kwa kidole. Vipuli hakuvitaja.
Ukurasa wa thelathini na tatu kidole kikasimama.

“’Sende, mama, mvua hiyo,”
ndivyo nilivyoandika, Mwanaate akimwambia mdogo wake.

“Hili si lake,” akasema. “Hili nalisema mimi.
Yeye ndiye alokwenda.”

Sauti zao kandani ni maji na maji.
Nilitaka kumwambia hivyo, sikumwambia.
Alihesabu noti za mia mia hadi zikabaki mbili,
akazirudisha ndani ya mkoba.
“Hizi ukishasahihisha.”

Nikairudia mashine.
Mkia umeingia, mkia umetoka,
ritifaa imetulia juu ya u iliyomezwa.
Hapakuwa na alama ya kusogeza.
Nilifuta jina, nikaandika jina.